Kuachana na dalali wa nyumba Malindi bila kulipa komisheni mara mbili

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nyumba ya marehemu mama kule Muyeye tulipotaka kuiuza tulimpa mtoto wa shangazi yangu, manake udalali ndo kazi yake na anajua watu kuanzia Maweni mpaka Mayungu. Miezi kumi na nne ikapita hakuna kitu, simu hashiki, na akishika anakwambia mteja yuko njiani anatoka Nairobi. Siku moja hasira zikanipanda nikampigia nikamwambia basi, mimi na wewe kwa hii nyumba tumemalizana, nikakata simu. Nikashika dalali mwengine, wiki saba tu nyumba ikaenda kwa milioni 4.5, nikamlipa asilimia 5 yake, 225,000, nikashukuru Mungu. Kumbe yule mnunuzi mtoto wa shangazi alishamwingiza ndani ya ile nyumba mara mbili, na picha anayo, wamesimama kibarazani wote wawili wanacheka. Mambo yakaenda kwa wazee, nikatoa 90,000 nyengine, na shangazi mpaka leo akinisalimia huku anaangalia pembeni.

Sasa nikija kuwaza, kumuacha nilikuwa na haki ya kumuacha. Nilichokosea ni kumuacha bila kujua ni kina nani washapita mkononi mwake. Haya yote nitakayosema hapa chini yanazunguka hapo hapo kwa majina ya wateja, mengine ni makaratasi tu.

Kwanza hakikisha mwenye makosa ni yeye

Wengi tunamfukuza dalali mwezi wa tano. Jamani mwezi wa tano Malindi nani ananunua nyumba? Mvua inapiga, hoteli zengine zimefunga, Waitaliano washarudi kwao, mji umelala. Kama kazi yake ni ya nyumba za kukodisha wageni basi mpime kuanzia Disemba mpaka Machi, na Agosti pia kidogo, sio wakati hata muuza madafu analia.

Halafu angalia karatasi zako. Hapa kwetu pwani kuna mambo ya nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwengine na unamlipa kodi ya ardhi, na mnunuzi wa bara akisikia hivo anakimbia, benki nayo haimkopeshi, na hapo dalali hata angekuwa na ulimi wa asali hawezi kukuuzia kwa bei ya nyumba yenye taito (hati ya umiliki wa ardhi). Kama ni shamba, tuseme huko Gongoni au Msabaha, kuuza kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi na maombi yake yana muda, miezi sita toka mkataba usainiwe, kwa hivyo wateja wengine wanachoka njiani. Na kama mnunuzi ni mgeni asiye raia, katiba ya 2010 imesema atapata lisi tu, yaani kukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, hawezi kupata umiliki wa moja kwa moja, sasa ukimlaumu dalali kwa Mtaliano aliyebadilisha mawazo baada ya kuambiwa hivo na wakili wake utakuwa unamuonea.

Lakini kama hashiki simu, kama anaonyesha nyumba yako kwa bei mbili tofauti (unamwambia milioni 4 yeye anatangaza 5 apige juu), kama amepokea pesa hujui zimekwenda wapi, hapo hakuna cha msimu. Endelea kusoma.

Tafuta mlichokubaliana

Kama kuna mkataba wa maandishi utoe utafute mambo manne: ulikuwa wa muda gani, yeye ndo dalali pekee au ni yeyote anayeleta mteja, notisi ni ya siku ngapi, na kuna kipengele kinachosema mteja aliyeletwa na yeye akinunua baadaye komisheni bado ni yake. Hicho cha mwisho ndo chenye meno. Na lile la dalali pekee liangalie vizuri, manake kuna mikataba imeandikwa kwamba hata ukimuuzia nyumba jirani yako mwenyewe bila dalali kujua, ndani ya ule muda anadai.

Kama hamkuandika, na najua wengi hamkuandika, usijidanganye kwamba basi hakuna mkataba. Uuzaji wenyewe wa ardhi ndo sheria inataka uwe kwa maandishi yenye saini na shahidi. Makubaliano yenu na dalali ya "nitafutie mteja nitakupa kitu" yanaweza kushikika hata kwa mdomo, na voisi noti za WhatsApp zikawa ndo ushahidi. Kwa hivyo rudi kwenye WhatsApp usome toka mwanzo, ulimuahidi nini, asilimia ngapi, ulisema "wewe tu ndo nimekupa"? Tafuta na mesiji za M-Pesa, kila shilingi iliyotoka kwako kwenda kwake na iliyotoka kwake kuja kwako. Usifute kitu, hata yale matusi uliyomtumia usiku.

Jengine la kujua: Kenya kuna sheria ya mawakala wa nyumba, sura ya 533, na anayefanya hii kazi anatakiwa awe amesajiliwa na bodi yao, akifanya bila usajili ni kosa. Madalali wengi wa mtaani hawajasajiliwa na wao wenyewe wanajua. Mimi nashauri hii karata uiweke mfukoni. Ukianza mazungumzo kwa "wewe hata huna leseni" umeshaharibu, na yeye atakuuliza mbona siku ile ulikuwa unanibembeleza hukuuliza leseni, na atakuwa amesema kweli.

Omba orodha ya wateja

Hii ifanye kabla hujatamka neno la kuachana. Sio ujanja, ni haki ya mwenye nyumba kujua nani kaingia nyumbani kwake, tena hata kama ungekuwa unaendelea naye ungeihitaji. Mwandikie kawaida tu: "Kaka, naomba uniandikie watu wote uliowaonyesha nyumba, jina, tarehe, na tulifika wapi kwa bei. Nataka kukaa na ndugu zangu tuangalie tena bei yetu." Mpe wiki moja.

Akileta, kaa nayo. Dalali mjanja atakuandikia nusu ya Malindi, watu waliouliza bei Facebook, watu waliopiga simu mara moja, sijui mjumbe wa nani. Hao hawahesabiki. Kwangu mimi anahesabika aliyeingia ndani ya nyumba kwa miguu yake akiletwa na huyo dalali, au aliyetaja bei kwa maandishi. Wengine wote piga mstari, umwambie kwa nini umepiga. Mtabishana kidogo, ni sawa, bishaneni sasa kwa kahawa kuliko kubishana baadaye kwa milioni 4.

Kisha muwekeane muda. Mtu wa kwenye orodha akinunua ndani ya miezi mitatu toka siku mlipoachana, komisheni yake ipo (au nusu, kama dalali mpya ndo amemaliza kazi, mtavyoelewana). Miezi mitatu ikipita imekwisha. Madalali wengine wataomba sita. Mimi nikiona orodha ni fupi na ya ukweli nakubali sita, ikiwa ndefu sikubali hata minne.

Asipoleta orodha kabisa? Andika wewe unaowajua, uliza keteka (mtunza nyumba), uliza jirani wa mbele (jirani wa mbele anajua kuliko dalali, wallahi), umtumie umwambie "hawa ndo ninaowajua mimi, kama kuna mwengine niambie kabla ya Ijumaa". Akinyamaza umebaki na ile mesiji, na mesiji ina tarehe.

Pesa

Kama dalali alikuwa wa kuuza tu, hapa ni pafupi: muulize kama kuna gharama mlikubaliana utamrudishia, kibao, matangazo, mafuta ya pikipiki, na umlipe hizo zenye risiti. Muulize pia kama kuna mtu amempa depositi au hata "pesa ya kushikilia" kwa jina la nyumba yako. Muulize huku unamtazama usoni.

Kama alikuwa anakukusanyia kodi ndo kuna kazi. Omba hesabu ya mwezi kwa mwezi, mpangaji gani kalipa nini, yeye kakata ngapi, amekutumia ngapi. Depositi za wapangaji ziko kwa nani? Hapa ndo watu wanaumia, dalali anaondoka, mwaka unaofuata mpangaji anahama anataka depositi yake, na yeye mpangaji anakudai wewe mwenye nyumba, hataki kujua ulimpa nani azishike. Andika majina ya wapangaji na depositi ya kila mmoja, ukatembee mlango kwa mlango uwaulize, utashangaa. Na kodi ya serikali: kama alikuambia anakulipia KRA (mamlaka ya mapato) ile kodi ya nyumba za kupangisha, ambayo toka Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi unayopokea na inalipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, omba risiti zake zote. Au ingia iTax, mtandao wa KRA, mwenyewe kwa pini yako uone. Kusema "nililipa" sio risiti.

Mwambie, tena uso kwa uso

Usimwambie kwa simu kama nilivofanya mimi, na usimfuate maskani kwake wamekaa watu kumi wanacheza bao, wala usimshike mlangoni mwa msikiti Ijumaa. Mtu akiaibishwa mbele ya wenzake atapigania hata kitu ambacho hakitaki. Mwite mahali pa wawili, kahawa na kashata, asubuhi ni bora kuliko usiku. Kama ni jamaa, au mkubwa wako kwa umri, mtangulize mtu, ami au mjomba anayeheshimiwa pande zote mbili, aende akamwambie kwamba kijana ana jambo la kuzungumza na si la shari. Inaonekana kama kuchelewesha, lakini inaokoa mwaka mzima wa kununiana harusini.

Ukikaa naye sema mapema, usizungukezunguke mpaka kahawa ikapoa. Mimi mara ya pili, kwa dalali wa nyumba ya ami yangu Lamu, nilisema hivi: "Kaka, ahsante kwa kazi, umehangaika na nimeona. Hii nyumba nataka kuijaribu kwa mkono mwengine kuanzia mwezi ujao. Wateja wako uliowaleta nawajua, haki yako kwao haipotei, na ndo nimekuja tuandike." Akauliza kosa lake nini. Usimsomee mashtaka yote, chagua moja la kweli, kama ni simu kutoshikwa sema ni simu, ishie hapo. Ukianza kuorodhesha atajibu moja moja na mtatoka Magharibi hamjaelewana.

Atakuomba mwezi mmoja zaidi. Wote huomba. Kama umeshaamua, usimpe, manake huo mwezi ndo atakokota kila mtu kuja kuangalia nyumba ili orodha ijae.

Andika

Siku ileile, kabla hamjalala. Karatasi mbili, kila mmoja asaini zote, kila mtu abaki na yake, na umtumie na kwa WhatsApp. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani, kitu kama hiki kinatosha:

"Assalaam aleikum. Kama tulivyozungumza leo tarehe ..., mimi ... nimesitisha kazi ya udalali niliyokupa ya nyumba yangu iliyoko ..., kuanzia tarehe .... Kuanzia siku hiyo huna ruhusa ya kuitangaza, kuionyesha wala kupokea pesa yoyote kwa niaba yangu. Wateja uliowaleta ni hawa: 1... 2... 3.... Mmoja wao akinunua kabla ya tarehe ..., nitakulipa komisheni ya ... baada ya mimi kulipwa bei yote. Nje ya hao hatudaiani. Umenirudishia funguo ... na karatasi hizi: .... Naomba ujibu kwamba umekubali."

Hayo maneno "baada ya mimi kulipwa bei yote" usiyaache. Mnunuzi kwa kawaida hutoa depositi asilimia 10 kisha kumaliza ni kama siku 90, na dalali hutaka chake siku ya depositi. Mauzo yakivunjika katikati umeshalipa komisheni ya nyumba ambayo bado ni yako.

Na kama mkataba wenu wa zamani una notisi ya siku 30 au ngapi, iheshimu, weka tarehe ya kuanza ifuate hiyo. Tiki mbili za bluu ni kitu, lakini jibu lake la "sawa kaka" ni bora zaidi. Akikataa kusaini peleka karatasi na shahidi, shahidi aandike ameiona ikipokewa saa ngapi.

Vitu vyako

Funguo zote, na hata akirudisha zote badilisha kitasa. Sisemi yeye mwizi, nasema kwa fundi funguo zinachongwa. Kibao cha INAUZWA chenye namba yake kitoe wewe mwenyewe siku ileile, picha za mtandaoni mwambie azishushe kisha ukague baada ya wiki. Askari, keteka, jirani na wapangaji wote waambie kwa jina: fulani hayuko tena kwa hii nyumba, akija na mgeni nipigieni. Wapangaji waandikie namba mpya ya kulipia, na usiwape kwa mdomo tu manake namba za M-Pesa za utapeli ziko nyingi.

Karatasi. Kopi ya taito ikiwa kwake sio mwisho wa dunia, taito yenyewe ikiwa kwake usilale mpaka uipate. Na kama ulimsainia mbele ya wakili hati ya kukuwakilisha, hasa nyinyi mlioko Uarabuni au Ulaya, kumwambia tu kwamba umemuachisha haitoshi. Hiyo hati inabidi ifutwe kwa maandishi na notisi ipelekwe kwa msajili wa ardhi ilikosajiliwa, la sivyo kwenye faili yeye bado ni mkono wako. Halafu fanya sachi ya taito yako, yaani ukague rekodi yake ofisi ya ardhi, uone hakuna kitu kipya kimeandikwa. Wengine hutishia kuweka kizuizi kwenye ardhi kwa ajili ya komisheni. Kizuizi ni cha mtu mwenye haki juu ya ardhi yenyewe, na komisheni ni deni la pesa, kwa hivyo akijaribu mpelekee wakili wako, usimkimbilie na pesa kwa hofu.

Akigoma

Wazee kwanza, ndo njia ya haraka hapa kwetu, ila nenda na makaratasi yako, usiende na mdomo mtupu kama mimi. Wazee hukata katikati, na ukienda bila ushahidi katikati ni hasara yako. Ikishindikana barua ya wakili. Ikishindikana tena, deni lisilozidi shilingi milioni 1 lina mahakama ya madai madogo, sheria yake ni ya 2016, kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60 na unaweza kujisimamia mwenyewe. Hapo pia ndo ile karata ya usajili unaitoa mfukoni, na kama amesajiliwa kweli basi malalamiko unayapeleka kwa bodi yake.

Lakini kama alipokea depositi ya mtu kwa nyumba yako na hukumtuma, hayo si ya wazee tena. Nenda polisi upige ripoti mapema, manake yule aliyetoa pesa atakutafuta wewe.

Kama nyumba iko Lamu

Yote ni yaleyale, ila jipe muda. Mara ya pili ninayosema ilikuwa nyumba ya ami yangu mtaa wa Langoni, na kila nikitaka kukaa na dalali ni basi mpaka Mokowe halafu boti, siku nzima imekwisha. Nikajifunza kumaliza yote safari moja: orodha niliiomba nikiwa bado Malindi, nikaenda na karatasi zishachapwa na nafasi za kujaza, na kitasa kipya nikakibeba kwenye mkoba. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2001, kwa hivyo wateja wa nyumba za mawe huuliza sana ruhusa ya kukarabati, na yale majibu dalali wa zamani aliyowapa wateja muulize uyaandike, usije ukakuta ameahidi mtu ghorofa ya tatu na bwawa la kuogelea juu ya paa.

Dalali mpya

Kabla hajaanza mpe kopi ya ile orodha asaini chini yake kwamba ameiona, na kwamba akileta mmoja wa hao komisheni itagawanywa vipi. Wa kwangu wa Lamu alipoisoma akaanza kucheka, akasema jina la tatu ni shemeji yake, anaishi nyumba mbili kutoka hapo, hajawahi kutaka kununua chochote, aliingia kuangalia bafu lilivyojengwa kwa sababu na yeye alikuwa anajenga lake.